Mto Wetu Katika Filme za Marekani

Dominika moja jioni, baada ya Baraka ya Sakramenti Takatifu, tulikusanyika katika chumba kikubwa cha parokia yetu hapa Kisangani ili kutazama filme. Kitambaa cheupe kilitandikwa ukutani, mota ya umeme ilinguruma nje, watoto waliketi chini mbele, wazee kwenye viti, na vijana walisimama nyuma kama desturi yao. Filme yenyewe ni ya zamani. Ilitoka mwaka 1959, nayo yaitwa The Nun's Story, ndiyo kusema Habari za Mtawa. Kwa Kifransa waliipa jina Au risque de se perdre. Tulikuwa tumeichagua sisi wenyewe, wa kamati ya parokia, kwa maana tulijua kwamba sehemu yake moja ilipigwa picha hapa kwetu, zamani mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville.

Mara mto ulipotokea kitambaani, kelele zikapanda hata kwenye mabati. «Ni kwetu! Ni kwetu!» Vijana walipiga makofi, watoto walirukaruka, na kwa muda mrefu hakuna aliyesikia wachezaji wanasema nini. Hapo koko mmoja, bibi mzee sana aliyekuwa msichana mdogo wakati wazungu wa sinema walipofika, aliinua fimbo yake akaomba mashine isimamishwe. Tukaisimamisha. Alikwenda polepole mpaka karibu na kitambaa, akawatazama watu waliosimama kandokando ya maji, kiisha akatugeukia akasema: «Wanangu, mto naujua. Na hawa watu, majina yao nani?»

Hakuna aliyeweza kumjibu. Tukaendelea na filme. Mwisho wake, sista wa hadithi anavua mavazi ya utawa na kutoka kwa mlango wa uani, peke yake. Wakati huo kijana mmoja alicheka, akasema kwa sauti neno moja baya. Neno hilo halikumpiga mwanamke wa kitambaani. Lilimpiga mwanamke aliyeketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Tutalirudia mbele, kwa maana ndilo lililotufanya tuandike kurasa hizi.

Usione vyaelea

Wazee walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Mwenye kuona mtumbwi majini asimsahau fundi aliyeuchonga. Ndivyo ilivyo kwa filme. Kila filme ina mahali pawili. Pa kwanza ni mahali pa hadithi, pale mtu anapoambiwa kwamba mambo yametokea. Pa pili ni mahali pa kamera, pale mashine iliposimama kweli. Mara nyingine mahali hapo pawili ni pamoja. Mara nyingi ni mbali kama Kisangani na Roma.

Kwenda mbali na kamera ni kazi ya gharama. Mashine ni nzito, mwanga wa mwituni ni haba, mvua haingoji mtu, magonjwa yapo, tena kuna hatari za vita na deni la fedha. Kwa hiyo wenye filme hupiga picha chache katika nchi ya kweli, na zilizobaki hutengenezwa ndani ya studio, katika nyumba za mbao na miti ya kupandwa siku moja. Kufanya hivyo si dhambi. Sisi wenyewe, tukicheza mateso ya Bwana wetu siku ya Ijumaa Kuu, twafanya Golgota kwa kichuguu cha nyuma ya shule. Ubaya huingia mahali pengine: mtu anapotazama Golgota ya kichuguu akadhani amekwisha kuiona Yerusalemu.

Tuanze na Tarzan, ambaye watoto wetu wanamjua kuliko wanavyomjua mtakatifu wao wa ubatizo. Aliyemwandika, bwana Edgar Rice Burroughs wa Marekani, hakukanyaga Afrika. Filme ya kwanza ya Tarzan, ya mwaka 1918, ilipigwa katika mabwawa ya Louisiana, huko huko Marekani. Ile iliyomfanya ajulikane duniani kote, ya mwaka 1932, yenye yule mwogeleaji hodari Johnny Weissmuller, ilipigwa California. Mapande ya picha za Afrika ya kweli yaliyomo ni masalio ya filme nyingine, Trader Horn ya mwaka 1931, ambayo bwana yuleyule W. S. Van Dyke alikuja kuipiga huku Afrika. Na tembo je? Tembo wengi wa Tarzan ni tembo wa Bara Hindi, wenye masikio madogo. Wakafungiwa masikio makubwa ya kutengenezwa ili wafanane na wa kwetu. Sisi tulicheka tulipofahamu jambo hili. Lakini kicheko kilituisha tulipokumbuka kwamba kwa miaka mingi watu wa mataifa waliambiwa: hii ndiyo Afrika, na hivi ndivyo watu wake walivyo. Ikiwa tembo alivikwa masikio ya uongo, mtu wa Afrika naye alivikwa nini?

Mashua ya Ruiki

Kisha wakaja watu waliotaka kupiga picha katika nchi ya kweli. Mwaka 1951 bwana John Huston alileta kamera zake Kongo kwa ajili ya The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Walipiga kambi Biondo, kando ya mto Ruiki, mto mweusi unaoingia katika Lualaba, upande wa Ponthierville, mji tunaouita leo Ubundu. Wasomaji wetu wa Ubundu wanaijua njia ya reli ile, kilometa 125 kutoka Kisangani. Kiisha walikwenda Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na kwenye maporomoko ya Murchison.

Kazi yao ilikuwa ya jasho. Kamera ya rangi ya siku zile ilikuwa kubwa na nzito, ikawekwa juu ya chelezo, na vyelezo vingine vikafuata nyuma na vyombo vyao. Mashua yenyewe ilizama, ikabidi kuiinua. Karibu kundi lote liliugua tumbo, na mama Hepburn aliugua sana. Huston na Bogart hawakuugua, nao walipenda kusema kwamba ni kwa sababu walikunywa wiski mahali pa maji. Neno hilo hatuwashauri wasomaji wetu walifuate. Hata hivyo karibu nusu ya filme ilipigwa Uingereza. Pale unapowaona Bogart na Hepburn wamo ndani ya maji, wakivuta mashua katika matete, hawamo katika Ruiki. Wamo katika mabirika ya studio karibu na London, maana maji ya Afrika yalihesabiwa kuwa ya hatari kwao. Hata ruba walionata mwilini mwa Bogart walikuwa wa mpira. Kwa kazi hiyo alipata zawadi ya Oscar, na hatumnyimi sifa yake. Kuonyesha uchungu kwa ruba wa mpira ni ufundi.

Lakini tazameni hadithi yenyewe. Inasema kwamba mwaka 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, mwanamume mmoja na bibi mmoja wa misioni waliizamisha manowari ya Wajerumani katika ziwa. Katika habari za kweli ilikuwako manowari kubwa katika Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui zao. Ikainuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikafanya kazi ya kuchukua watu na mizigo kwa jina la Liemba. Ndugu wa Kalemie na wa Kigoma wanalijua jina hilo bila kufundishwa na sinema. Tena kuna jambo kubwa kuliko hadithi ya Bogart: mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka kusini kwa reli, wakazipitisha katika Katanga, wakazivuta juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za moshi na kwa ng'ombe, wakazishusha katika mto Lualaba, hata zikafika Lukuga kwenye ziwa. Nani alikata miti? Nani alitengeneza madaraja, akabeba maji na kuni za mashine zile? Ni watu wa nchi hii, mamia na mamia. Katika filme hawamo. Hapo nasi tukamkumbuka yule koko na fimbo yake: na hawa watu, majina yao nani?

Sista wa Stanleyville

Sasa turudi kwenye filme yetu ya Dominika ile. The Nun's Story iliongozwa na bwana Fred Zinnemann, na sista mkubwa wa hadithi alichezwa na Audrey Hepburn. Ilitoka katika kitabu cha mwaka 1956 cha mama Kathryn Hulme, na kitabu kilitoka katika maisha ya mtu wa kweli, Marie Louise Habets, Mbeljiji, mwuguzi, aliyekuwa mtawa, akafanya kazi Kongo, kiisha akaacha utawa mwaka 1944 wakati wa vita.

Bwana Zinnemann hakufanya kazi ya ovyo. Kabla ya kuanza aliwapeleka wachezaji wake wanawake wakae siku chache katika nyumba za watawa Paris, wasali na kunyamaza pamoja nao. Nyumba ya watawa unayoiona ndani, na korido zake ndefu na kikanisa chake, ilijengwa Roma katika studio. Njia za mji ni za Bruges, katika Ubeljiji. Wengi wa wale «masista» wanaosujudu na kutembea kwa mstari kama maji yasiyo na wimbi walikuwa wanawake wachezaji wa dansi wa Opera ya Roma, maana walijua kuutawala mwili. Mwaka 1958 kundi likaja Stanleyville, na picha nyingine wakazipiga Yakusu, si mbali nasi, mto unakoshukia. Yakusu ilikuwa misioni ya Waprotestanti wa Uingereza, na hapo Daktari Stanley George Browne alikuwa akiwatunza wagonjwa wa ukoma. Basi, filme ya utawa wa Kikatoliki ilisaidiwa na ndugu zetu Wabatisti! Miaka ile watu wa misioni zetu mbili waliweza kupishana njiani bila kusalimiana. Kumbe kamera ilikwisha kutuketisha pamoja.

Twasema bila woga: filme hii ni nzuri, na inastahili heshima. Haidhihaki sala. Haigeuzi utawa kuwa mapenzi ya siri, ingawa wenye kuuza filme wangependa hivyo. Inaonyesha ugumu wa kutii, na ugumu huo ni kweli. Mkubwa mmoja anamwomba sista aanguke kwa makusudi katika mtihani wa dawa za nchi za joto, apate unyenyekevu. Naye anashinda mtihani, na moyo wake unabaki na jeraha. Mwisho wa filme bwana Zinnemann alikataa muziki. Mlango unafunguka, mwanamke anatoka, kimya. Alisema na wenye mali mpaka wakamkubalia kimya hicho. Tunamshukuru, kwa maana muziki ungetuambia tucheke au tulie, lakini kimya kinatuacha na dhamiri yetu.

Hata hivyo kuna lawama, nayo hatutaificha. Wakongomani wawili wenye majina katika hadithi, Illunga na Kalulu, hawakuchezwa na Wakongomani. Mmoja alichezwa na Errol John wa Trinidad, wa pili na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Ni wachezaji hodari, ngozi yao ni kama yetu, basi wenye filme waliona inatosha. Watu wa Stanleyville walipata kazi ya kusimama kandokando ya maji. Tena katika hadithi nzima hakuna sista Mkongomani mwenye jina. Sista mmoja mzungu anauawa na mwenyeji aliyedanganywa na mganga. Mtu wa mbali akitazama atasema: kule Kongo utawa ni wa wageni, uchawi ni wa wenyeji.

Je, mwaka 1959 ilikuwa hivyo? Hapana. Tarehe 5 Agosti 1959, katika mwaka uleule filme ilipotoka, msichana wa Wamba aliweka nadhiri zake huko Bafwabaka, katika shirika la Jamaa Takatifu, shirika la masista Wakongomani. Jina lake Anuarite Nengapeta. Hakuna kamera iliyokuja kumpiga picha.

Jamaica ikawa Kongo

Miaka ikapita, mambo yakawa mabaya. Mwaka 1964 vita vya Wasimba vilifika mjini kwetu, na wazee wetu hawapendi kuvisimulia usiku. Mwaka 1968 ikatoka filme juu ya Kongo ya siku zile, Dark of the Sun. Aliyeiongoza ni Jack Cardiff, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamera wa The African Queen. Yaani mtu huyu aliujua mto wetu kwa macho yake, na jua letu lilimpiga kichwani. Lakini safari hii hakuja. Nchi ilikuwa haijatulia. Walipiga picha Jamaica, kwenye reli ya Jamaica, na watu wa Jamaica wakawa Wakongomani. Hadithi yenyewe ni ya askari wa kukodiwa wanaopanda treni kwenda kuokoa wazungu na almasi. Mateso yetu yakawa kama pazia la nyuma, na mbele yake wageni wakapigana ngumi.

Mwaka 1995 ikaja filme iliyothubutu kuitwa Congo. Volkano yake ni Arenal, ya nchi ya Costa Rica, na sokwe wake wengi ni watu waliovaa ngozi za kutengenezwa. Mwaka 2016 Tarzan akarudi, The Legend of Tarzan, hadithi ya Kongo ya mfalme Leopold II. Mwitu wake mwingi ulijengwa katika studio za Leavesden, Uingereza, na picha za kutoka juu angani zikachukuliwa Gabon.

Katika filme hiyo ya mwisho yumo mtu wa kweli, George Washington Williams, Mmarekani mweusi, mchungaji wa Kibatisti na mwandishi wa historia. Wamempa bunduki, wamemfanya mwenzake Tarzan. Ndugu zetu, je, mwajua bwana huyu alifanya nini kweli? Mwezi wa Julai mwaka 1890 alifika hapa hapa kwetu, kwenye maporomoko yaliyoitwa Stanley Falls, na kutoka hapa akamwandikia Leopold barua ya wazi, akimshitaki kwa udanganyifu na ukatili uliotendwa juu ya watu wa Kongo. Akafa Uingereza mwaka uliofuata. Mtu akaleta kalamu mahali petu akasema kweli mbele ya mfalme, na sinema ikaona kalamu haitoshi, ikampa bunduki. Hatujui kama kuna mtoto mmoja wa shule zetu anayelijua jina lake. Jina la Tarzan wanalijua wote.

Tutazame namna gani?

Wengine watasema: basi, tuache sinema. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Moja aliandika juu ya filme mwaka 1936, na Pio wa Kumi na Mbili tena mwaka 1957. Na Mtaguso wa Vatikano ulitoa neno lake juu ya vyombo vya habari mwaka 1963. Fundisho ni moja: ufundi huu ni zawadi ya Mungu, lakini mtazamaji lazima afundishwe kutazama. Wakati wa ukoloni wakubwa walituchagulia filme za kutazama, kana kwamba sisi ni watoto wa milele. Leo hakuna mkubwa mlangoni. Kila kijana ana filme mia katika simu yake mfukoni. Kwa hiyo mchaguzi lazima awe ndani ya moyo.

Sisi wa kamati tumekubaliana juu ya maswali matatu, na sasa twayauliza kila baada ya filme, taa zikiwashwa. La kwanza: hadithi inasema ni wapi, na kamera ilisimama wapi? La pili ni la koko: nani ana jina na neno, nani amesimama tu kandokando? La tatu ndilo gumu: nikitoka hapa, nitamtendea jirani yangu namna gani?

Swali hili la tatu hatukulipata katika kitabu. Tulifundishwa na benchi la mwisho.

Yule mwanamke aliyeketi karibu na mlango alikuwa sista kwa miaka kumi na mmoja. Ni binti wa parokia yetu. Siku alipoweka nadhiri tulichinja mbuzi, tulipiga ngoma mpaka asubuhi, na kila mtu alisema: ni wetu, ni wetu! Kisha, kwa sababu zinazomhusu yeye na Mungu na wakubwa wake, aliomba ruhusa ya Kanisa, akaipata kwa utaratibu, akarudi nyumbani. Hakuna ngoma iliyopigwa siku hiyo. Jamaa yake waliona haya. Sisi wa kamati hatukumpa kazi yoyote, ingawa ni mwuguzi mzuri na dispensari ilikosa wauguzi. Wamama walimsalimu kwa mkono mmoja. Kwa miaka miwili alisali nyuma kabisa, akatoka kabla ya tangazo. Hatukumpiga, hatukumtukana; tulimfanya tu kuwa mmoja wa wale wanaosimama kandokando ya maji, wasio na jina.

Na Dominika ile tulikuwa tumeketi, sisi wazee wa Kanisa, tukisikitika kwa machozi juu ya mwanamke wa Hollywood anayetoka kwa mlango wa uani uliojengwa Roma. Machozi yetu yalikuwa ya kweli. Mlango ulikuwa wa mbao za studio. Nyuma yetu mlango wa kweli ulifunguka, mwanamke wa kweli akatoka gizani, baada ya lile neno la kijana, na hakuna aliyegeuka ila koko. Koko ndiye aliyemfuata. Tulimsikia nje akimwita kwa jina lake la ubatizo.

Jambo hili lilitutesa usiku. Tuliwalaumu Wamarekani kwamba walikuja kwetu, wakaona mto, wasione watu. Tulisema kweli. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Na sisi tuliokuwa na macho, tena nyumbani kwetu, tulikuwa tumeona nini?

Kesho yake watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kwake. Hatukuwa na maneno mengi. Mzee wetu mmoja alisema: «Binti, tumekuja kuomba radhi.» Alituletea viti, akatuletea maji, kiisha akanyamaza kitambo. Halafu akasema kwamba filme aliipenda, ila jambo moja lilimwumiza: sista wa hadithi anaondoka kwa sababu hawezi kumsamehe adui aliyemwua baba yake. «Mimi,» akasema, «ningependa watu wajue kwamba mtu aweza kuondoka akiwa amesamehe wote.» Tukaelewa kwamba wote hao ni pamoja na sisi.

Aliposema hivyo tulimfikiri Anuarite. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, mkubwa mmoja wa askari alitaka kumharibu, akakataa, akauawa. Kabla ya kufa alimwambia mwuaji wake kwamba amemsamehe. Alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Wamarekani walitupa hadithi ya mtawa aliyeshindwa kusamehe, nayo ni hadithi ya haki, maana wengi tunashindwa. Mungu alitupa ya yule aliyeweza. Mmoja ana filme ya dunia nzima, mwingine ana damu katika udongo wetu. Wala tusiwagombanishe. Ni wanawake wawili waliotaka kuishi bila uongo mbele ya Mungu, na yule wa benchi letu ni wa tatu.

Basi, ndugu wasomaji, tazameni sinema, lakini tazameni kama watu wazima. Waambieni watoto kwamba tembo wa Tarzan walivaa masikio ya bandia, na kwamba Bogart hakuingia katika Ruiki. Waambieni juu ya barua ya mwaka 1890. Wenye babu na koko walio hai, kaeni nao mbele ya picha za zamani, mwandike majina wanayoyakumbuka kabla hawajaondoka. Koko wetu amekwisha kutupa majina manne, ya watu aliowajua walioitwa kusimama mbele ya kamera mwaka 1958, nasi tumeyaandika katika daftari ya parokia. Vijana walio na simu zenye kamera, pigeni picha za watu wenu, lakini kwanza waulizeni majina.

Tena kama yuko katika kanisa lenu mtu anayeketi karibu na mlango, msingoje filme iwafundishe. Leo yule binti wetu anafanya kazi katika dispensari ya parokia, Jumanne na Ijumaa. Kijana yule wa neno baya alipata malaria mwezi uliopita. Ni yeye aliyemtunza.